Futi Kamba, Kamongo na Vilima Vitatu

Wenzangu wa meza ya chai, mmenisumbua tangu nirudi. Kila nikishika kikombe mtu anauliza, "Koleta, mambo ya mdogo wako yameishaje?" na kabla sijameza, kengele inalia. Nimechoka kusimulia vipande vipande. Leo mmoja anapata matope, kesho mwingine anapata samaki, halafu mnakutana na kubishana kana kwamba ninyi ndio mlisafiri. Basi nimeandika yote. Mambo ya tiketi na ruhusa nimeyaacha kwa sababu hayana utamu. Na ninyi mlionilaumu kwamba sikutuma hata ujumbe wa kusema nimefika, someni mpaka mwisho, maana ninalo la kuwajibu.

Kwanza mjue kilichonipeleka. Mdogo wangu Deo, fundi pikipiki pale Ngara mjini, alipata mchumba, Jenista, binti wa Runazi, wilaya ya Biharamulo. Posa ilikwenda vizuri mpaka siku ya kunywa pombe ya makubaliano. Huko kwetu pombe ya ndizi huwekwa kwenye mtungi mmoja, watu wakainywa kwa mirija, na mrija wa kwanza hushikwa na upande ulio mkubwa kwa heshima. Babu yake Jenista, Mzee Selestini, akasema mrija ni wake, kwa kuwa kilima chao ndicho kilichokuwa ikulu ya mwami, yaani mtawala wa zamani, na watu wa kwetu Mbuba kazi yao ilikuwa kumpelekea pombe tu. Shangazi yetu Leokadia, aliyetulea na ambaye ndiye mkubwa wa ukoo, alisimama, akajifunga khanga upya, akasema ikulu ilikuwa kwetu na wao ndio waliokuwa wabeba mizigo. Watu wakatawanyika, mtungi ukabaki umejaa.

Deo akanipigia simu huku analia, mwanaume mzima na ndevu zake.

"Dada, si wewe uliyesomea mambo ya miji ya kale? Njoo upime hivyo vilima. Ukisema wewe watanyamaza. Usipokuja, mimi namkosa Jenista."

Ni kweli nilisomea akiolojia kabla chaki haijanimeza. Na kanuni aliyokuwa anaitegemea Deo, bila kuijua, ni nyepesi tu. Ukitaka kujua kama watu wa kale walikuwa chini ya utawala mmoja, angalia ukubwa wa makazi yao. Ukikuta makazi makubwa mamoja yanayoyapita mengine yote kwa mbali, na madogo mengi yamesambaa kuyazunguka, huenda hao wadogo walikuwa wanamsikiliza mkubwa. Ukikuta yanalingana, huenda kila kilima kilijitawala. Ni kama kuingia uani baada ya watu kula: ukikuta sufuria moja ya kuingia mbuzi mzima, hapo palikuwa na sherehe moja, ukikuta sufuria nyingi za saizi moja, kila nyumba ilipika chake. Nikafungasha futi kamba, kofia na chumvi ya shangazi, nikaondoka.

Morogoro hadi Nyakanazi

Basi lilikuwa zuri mpaka tulipoipita Singida. Hapo likakohoa, likasimama, kondakta akashuka na kurudi na ule uso wa kondakta unaosema msiulize.

Jirani yangu wa kiti alikuwa fundi cherehani anayehamia Kibondo. Alikuwa amepakata kichwa cha cherehani ya mkono tangu asubuhi kama mtoto mgonjwa, akakataa katakata kukiweka kwenye buti. Tulipokaa juani tukakata tamaa, yeye alikifungua, akakiweka juu ya ndoo iliyopinduliwa, akatangaza kwamba mwenye nguo iliyochanika asogee. Mnajua Watanzania na kitu cha bure. Abiria waliokuwa wananuna walianza kujikagua. Mmoja akaleta suruali, mwingine begi lililokatika mkanda, na mama mmoja akavua sweta la mtoto. Mimi nilishonewa kwapa la blauzi nikiwa nimeivaa, na nilikuwa natetemeka sindano ikipita.

Aliona futi kamba yangu akaomba aishike. Aliivuta, akashangaa urefu wake.

"Unapima mtu gani huyu?"

Nikamweleza. Akacheka mpaka cherehani ikatikisika.

"Kumbe sote mafundi. Mimi napima walio hai, wewe unapima marehemu. Ila angalia, dada. Mteja wangu nikikosea anarudi kunigombeza. Wako hawarudi."

Nilicheka naye. Sikujua kwamba wa kwangu wangerudi, tena kwa kishindo.

Gari lilipopona, watu walipanda wakiwa ndugu. Mayai ya kuchemsha yalizunguka, karanga zikazunguka, na mtu wa nyuma ambaye hatukumwona alituma muwa uliokatwa vipande. Tuliingia Nyakanazi tumechelewa vibaya, na hakuna aliyelalamika. Pale stendi nilikula ndizi za kuchoma na mishikaki nikiwa nimesimama, nimeweka mguu juu ya begi langu, nikajisikia nimekaribia nyumbani.

Nyakanazi hadi Mbuba

Kutoka hapo nilipanda mchomoko, zile gari ndogo za kuchangia. Tukapita Lusahunga, tukapita Benako, vilima vikaanza kupanda na kushuka, na kila kona migomba. Dereva alikuwa wa kwetu. Nilipomwamkia kwa Kihangaza alikitazama kioo, akasema, "Kumbe siyo mgeni," akapunguza sauti ya redio ili anihoji vizuri. Mpaka tunafika Ngara alishajua mimi ni mtoto wa nani na kwa nini sijaolewa tena.

Shangazi Leokadia alinipokea njiani, kabla sijafika hata kwenye uzio.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Umekonda. Futi umeileta?"

Aliniwekea sahani ya ndizi na maharage ambayo ingetosha wanakwaya. Nilipokuwa nakula alinisimulia tena habari ya kilima chetu, Rugoma, niliyoisikia tangu utotoni. Kwamba mwami aliishi pale juu na watu wake. Kwamba alipofariki walimzika hapohapo, na desturi ilikuwa ikulu haikai juu ya kaburi, kwa hiyo waliichukua ngoma ya mwami na moto wa nyumba yake, wakaondoka kuelekea macheo kumsimika mwanawe. Wa kwetu walibaki kulinda kaburi. Na habari hiyo huwa inaishia palepale, kwa maneno yaleyale ambayo bibi yangu aliyasema na bibi yake aliyasema: "Mpaka leo hatujasikia kama walifika."

Utotoni niliogopa sana sehemu hiyo. Safari hii nilikuwa nimeshiba, sikuitilia maanani.

Kesho yake tulipanda Rugoma. Vigae vya vyungu vimejaa kule juu, mawe ya kusagia, mavi ya chuma ya wahunzi wa zamani. Kazi yangu ni kufuata vinapoanzia na vinapoishia, nikapima. Deo alikuwa kazini, kwa hiyo ncha ya futi aliishika shangazi. Kila nikisoma kipimo napata kilima kinakua. Nikarudia, kimekua tena. Nikaweka kamba chini, nikamfuata nyuma ya migomba, nikamkuta amesimama katikati ya shamba la jirani, ameivuta ncha mpaka kwenye banda la nguruwe.

"Shangazi! Vigae viliishia kule kwenye jiwe."

"Na huku walikuwa wanafuga," akasema bila haya. "Mifugo siyo watu wa ikulu?"

Tulicheka mpaka tukakaa chini. Niliifunga ncha kwenye kijiti, nikampa yeye kazi ya kunibebea maji. Kitu kimoja tu kilinikera siku hiyo. Kwenye korongo ambako mvua imekata kilima unaona majivu na takataka za walioishi pale, na tabaka lenyewe ni jembamba. Mji mkubwa vile, na uchafu kidogo vile, kana kwamba walikaa kizazi kimoja wakaondoka. Nilijiambia mvua imezisomba.

Mbuba hadi Nyarubungo

Deo aliazima pikapu kwa rafiki yake. Tukapanda watatu mbele, mimi katikati nikigombana na gia. Nilikuwa nimesikia kwamba Nyarubungo nako kuna kilima chenye vigae, nikasema tupitie, vilima vitatu vinaonyesha mambo kuliko viwili. Deo alikuwa anataka kufika Runazi tu. Aliendesha, na kila tukipita kanisa alikuwa anapunguza mwendo kidogo, akiliangalia, halafu anakanyaga tena mafuta.

Mvua ilitukuta kabla ya kilima. Pikapu ilizama kwenye matope hadi ekseli. Tukashuka, tukasukuma, nikaanguka kifudifudi, shangazi akasema sasa nimeshafanana na kazi yangu. Wanakijiji walitusaidia kuivuta kwa kamba, na mvua ilipokatika nikaona nisipoteze mwanga. Nilitoa futi kamba, nikaanza kupima kutoka pembeni ya barabara.

Hapo ndipo waliotusaidia walipoacha kutusaidia. Kwanza minong'ono, kisha mama mmoja mwenye jembe begani akaja mbele yangu.

"Dada, mnabomoa lini?"

"Sibomoi, mama. Napima makazi ya zamani."

"Ya kwangu ni ya zamani. Nyumba ile tumejenga kabla ya barabara. Mkipiga X mjue tuna haki ya fidia."

Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuharibu. Niliposema "makazi yaliyokwisha", mzee mmoja alikimbia kwenda kumwita mwenyekiti wa kitongoji. Mwenyekiti alifika na koti la mvua na hasira tele, akaitaka barua ya barabara. Mwishowe shangazi alisukuma watu, akasimama juu ya tairi la pikapu, akasema, "Jamani, huyu anapima kilima ili huyu kijana aoe!" Akamnyooshea kidole Deo, aliyekuwa na matope mpaka masikioni.

Hakuna aliyeelewa uhusiano wa futi na kuoa, ila uso wa Deo ulitosha. Kicheko kilianza kwa mwenye jembe, kikamshika mwenyekiti, na nusu saa baadaye watu walikuwa wananishikia kamba pande zote, wakinionyesha vigae ambavyo nisingeviona peke yangu. Kilima chao kikatoka na ukubwa uleule wa Rugoma, karibu sawasawa, na nakshi ileile ya kamba iliyosokotwa kwenye vyungu. Tabaka la majivu, jembamba vilevile.

Tulilala kwa yule mwenye jembe, Mama Zawadi. "Kalibuni ndani, muache viatu hukohuko," akasema, akatupatia ugali wa muhogo na dagaa wenye pilipili, wa moto. Nilipokuwa nakausha viatu vyangu kwenye mafiga alikuwa anazungumza kwamba kilimani pale alikaa mwami aliyekuja na ngoma kutoka machweo, akafa, akazikwa, na ngoma ikaondoka tena kuelekea macheo. Nilimwitikia "ehee, ehee" kama mnavyoniitikia ninyi ninaposimulia. Akili yangu yote ilikuwa kwenye soli ya kiatu iliyokuwa inabanduka.

Sokoni Biharamulo

Mjini Biharamulo Deo alishuka kutafuta spea, shangazi akasinzia garini. Mimi nikaona siwezi kwenda kwa wakwe mikono mitupu baada ya ugomvi ule. Nikaingia sokoni. Muuza samaki alinionyesha sangara, akanionyesha sato, kisha akatoa kwa heshima kamongo mkavu wa moshi, mnene kama mkono wangu, mrefu, anang'aa mafuta.

"Huyu ndiye wa kumpelekea mtu mkubwa," akasema.

Nikamfunga kwenye magazeti, nikamweka nyuma ya pikapu chini ya turubai. Nilitaka iwe siri niwashangaze. Na kweli niliwashangaza.

Runazi

Tulipokelewa kwa adabu iliyokauka. Viti vilipangwa, upande wao na upande wetu, na katikati mtungi wa pombe haujafunguliwa. Mzee Selestini alikaa wima, kofia kichwani, mikono juu ya fimbo. Jenista alitoka kutusalimia, akapiga magoti, macho yake na ya Deo yakakutana mara moja, wote wawili wakaangalia chini. Ni msichana mwenye kicheko cha karibu, nilikiona kinambana hata siku ile ya huzuni. Nilimpenda hapohapo.

Nikasimama na zawadi yangu. Nikafungua magazeti kwa madaha.

Mama mmoja alipiga kelele. Watoto wakarudi nyuma. Bibi aliyekuwa karibu nami aliinuka na kigoda chake, akakimbilia ndani. Kumbe kamongo ndiye mwiko wa ukoo wao! Kila ukoo kwetu una mnyama wake asiyeliwa wala kuguswa. Sisi ni pongo, wale ni kamongo, na inasemwa mwenye kuvunja mwiko hutoka mabaka na meno yanadondoka. Nilikuwa nimemleta mkavu, nimemnyoosha katikati ya uwanja wao, siku ya kuomba amani.

"Ndivyo mlivyokuja?" akauliza Mzee Selestini.

Deo alishika kichwa. Shangazi alinitazama kwa jicho ambalo sijaliona tangu nilipovunja chungu cha maziwa nikiwa darasa la pili. Niliomba radhi mpaka sauti ikakauka. Samaki akaenda kutundikwa nje ya uzio, mbwa wakakaa chini yake kumlinda.

Nilikimbilia kazi, maana ndiyo pekee niliyokuwa naiweza. Nilipanda kilima chao, Nyamigere, nikapima hadi alasiri. Nilirudi na jibu, na nilidhani ni jibu la kumaliza ugomvi. Nikawaambia wote waliokaa: Rugoma, Nyarubungo na Nyamigere, vyote vitatu vinalingana. Hakuna kilichokuwa juu ya kingine. Kila kilima kilijitawala, kwa hiyo hakuna mkubwa wala mdogo, tunyweni.

Hakuna aliyeshika mrija.

"Mjukuu wangu," akasema Mzee Selestini, na kwa mara ya kwanza hakuwa na ukali, alikuwa na mshangao tu, "unasema tulijitawala peke yetu? Sisi ngoma tuliletewa. Wazee wetu walikuja nayo kutoka machweo, na moto kwenye chungu. Walipumzika kilima kimoja mpaka mwami akafa, wakaja hapa. Mtu aliyejianzia mwenyewe hubeba moto wa nani?"

"Kutoka machweo?" Shangazi Leokadia aliinama mbele. "Walikuwa wamemwacha nani nyuma?"

"Waliomlinda marehemu. Kaburini."

Shangazi alianza kupapasa khanga yake. Nami ndipo nikasikia, kwa kuchelewa, kila neno la Mama Zawadi. Alikuja kutoka machweo, akafa, ngoma ikaondoka kuelekea macheo. Nikaona yale majivu membamba ya vilima vyote vitatu, kizazi kimoja, kizazi kimoja, kizazi kimoja. Havikuwa vilima vitatu vinavyotazamana kwa wivu. Ilikuwa ikulu moja inayohama! Sufuria tatu za saizi moja nilizozikuta uani zilikuwa sufuria moja tu, imepikiwa leo hapa, kesho pale.

Niliruka. Sioni aibu kusema niliruka juu, mwalimu mzima. Niliwaeleza nikichora chini kwa fimbo ya mzee, na kadiri nilivyochora ndivyo walivyonidakia, wao na wetu, mmoja anaanza sentensi mwingine anaimaliza. Hakuna aliyembebea mwenzake mzigo. Walibeba pamoja.

Furaha ilidumu mpaka Mzee Selestini alipoacha kutabasamu.

"Basi sisi ni wamoja," akasema polepole. "Na watoto wa ukoo mmoja hawaoani."

Wenzangu, sijawahi kuona uwanja ukipoa vile. Deo alisema, "Lakini babu, tulishaulizana koo zetu, majina ni tofauti," na mzee akajibu kwamba watu wakihama majina hubadilika, kinachobaki ni mwiko. Nikasema mwiko wetu ni pongo. Akasema kusema ni rahisi, kijana anayetaka mke anaweza kusema mwiko wake ni trekta. Jenista aliinuka, akaingia ndani, na tukamsikia analia. Nilitamani niitupe ile futi chooni. Nilikuwa nimesafiri njia yote ile, nimemwokoa mdogo wangu kwenye shimo moja na kumsukuma kwenye jingine.

Shangazi Leokadia akasimama.

"Samaki wangu yuko wapi?"

Alitoka nje ya uzio, akawafukuza mbwa, akamtungua kamongo. Hakuingia naye ndani, kwa heshima ya wenyeji. Alikaa juu ya jiwe, palepale langoni, mahali ambapo kila mtu anamwona, akamvunja kichwa na kuanza kula.

Shangazi ana meno machache. Kazi haikuwa ndogo. Alitafuna upande huu, akahamishia upande wa pili, akachomoa mwiba, akaulamba. Watu wote walikuja kwenye uzio. Jenista alitoka ndani akasimama nyuma ya babu yake, analiangalia taya la shangazi kama mtu anayeangalia penalti. Mama mmoja aliziba uso lakini vidole vilikuwa wazi.

"Nilipokuwa nimeolewa Chato nilimla huyu kila wiki," akasema shangazi na mdomo umejaa. "Mtamu. Ana mafuta. Mnakosa."

Alipolamba kidole cha mwisho alinyoosha mikono yake yote miwili kwa Mzee Selestini.

"Nikague, mzee. Kama mimi ni wa ukoo wako, mabaka yako wapi? Na meno hesabu, haya mengine yalishatoka kabla ya leo."

Mzee alimkagua kweli. Aligeuza mikono, akatazama viwiko. Nikaona ndiyo nafasi yangu, nikasema, safari hii kwa sauti ndogo, kwamba ikulu siyo ukoo. Mwami alikusanya wa pongo na wa kamongo na wengine, watu wasio ndugu, wakakaa kilima kimoja, wakala, wakaoana, wakabeba ngoma moja. Ndugu kukaa pamoja ni jambo la kawaida. Wasio ndugu kukubali kukaa pamoja ndiko kulikoifanya ikulu.

Mzee Selestini aliachia mikono ya shangazi. Halafu akavua kofia. Nilidhani ana joto. Alirudi hatua moja, akasimama kama watu wanavyosimama wakileta taarifa msibani au kanisani, akasema:

"Mama, mtuwie radhi tumechelewa. Tulifika salama."

Shangazi Leokadia, ambaye sikumwona akilia alipomzika mumewe, alijifunika uso kwa khanga yenye harufu ya samaki. Alilia kwa sauti, kama mtoto. Bibi yule wa kigoda alitoka akamkumbatia na mafuta yake yote ya kamongo, mwiko ukawekwa pembeni.

"Tulikuwa tunasubiri," shangazi akasema. "Tulikuwa tunasubiri tu."

Pombe ilifunguliwa. Mirija miwili iliingia mtungini kwa pamoja, ya wazee wale wawili, vichwa vimegusana, na hakuna aliyetazama nani alianza kuvuta. Kisha ngoma, kisha ndizi kwa mbuzi, kisha Jenista akakiachia kile kicheko chake na Deo akawa hana maana tena kwa mtu yeyote hadi tunaondoka.

Kurudi

Ndoa inatangazwa kanisani sasa hivi, itafungwa likizo ya Juni, nanyi nyote mmealikwa. Jenista anakwenda kuishi Mbuba, chini ya Rugoma. Mzee Selestini amesema atamsindikiza mwenyewe, na kwamba atachukua moto wa jikoni kwake kwenye chungu. Deo alimwambia kiberiti kipo, akaambiwa anyamaze.

Nilirudi kwa basi ambalo halikuharibika hata mara moja, nikachoka kwa upweke. Na sasa jibu lenu. Nilipofika Morogoro nilitoa simu ili niwaandikie kwamba nimefika. Nikawapigia kwanza Mbuba. Shangazi alipokea, akanisikiliza, kisha nikamsikia anageuka na kupaza sauti kwa watu waliokuwa uani, "Koleta amefika!" na uwanja mzima ukashangilia kana kwamba nilikuwa nimeondoka na ngoma. Nikakaa juu ya begi langu pale stendi, simu sikioni, nikasahau kuwaandikia ninyi.